Kama Ina Karanga, Andika

Kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na lebo za watu wengine. Nina kiduka cha steshenari katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Mto Mirongo. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti, lakini lebo ndizo zilizonisomeshea watoto. Mwanamke wa Igogo, Mkuyuni, Mahina au Buhongwa akishaamua kufungasha kitu cha kuuza, kiwe unga wa lishe, siagi ya karanga, pilipili ya kusaga, keki za kikombe au dagaa wa kukaanga, siku moja ataingia mlangoni kwangu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, aseme, "Fundi, nataka lebo nzuri."

Lebo nzuri ina picha ya mtoto mnene anayecheka, ikiwezekana wa Kizungu. Watoto hao tunawaokota mtandaoni, na wametabasamu kwenye mifuko mingi ya ulezi na mtama ambao nina hakika hawajawahi kuuonja. Rangi iwe kijani na njano. Maneno yawe ya Kiingereza, hata kama mnunuzi ni jirani wa nyumba ya tatu. Namba ya simu ionekane hata na aliye ndani ya daladala. Pia lazima nimwachie nafasi ya msimbo mistari, kwa sababu supamaketi hazitaki mfuko usio na ile mistari myeusi. Vilivyomo ndani ya mfuko ndivyo vya mwisho kufikiriwa. Mara nyingi tunakuwa tumeshamaliza kila kitu na kimebaki kipande kidogo cha karatasi chini, ndipo mteja anasema, "Ah, hapo weka weka tu viambato."

Namkumbuka mama mmoja wa Igogo, mtu mzima, Msukuma aliyehamia mjini kutoka Magu. Sote mtaani tulimwita Mayu, yaani mama. Aliingia asubuhi, nikamwamkia "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akaketi kwenye benchi na kunyoosha karatasi yake juu ya goti. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, dagaa. Nikaanza kuandika kwa mpangilio huo. Akanyanyuka, akaweka kiganja juu ya kibodi.

"Hayo nimekuonyesha wewe, mwanangu. Kwenye lebo andika nafaka bora mchanganyiko."

"Kwa nini, mayu? Mnunuzi hatataka kujua anakula nini?"

"Akijua yeye atajua na mwenzake. Wiki ijayo utaukuta mfuko kama wangu sokoni, una jina la mtu mwingine."

Siwezi kusema alikuwa tapeli. Unga wake ulikuwa safi, soya aliichemsha na kuikausha kabla ya kuikaanga, dagaa aliwachambua mmoja mmoja na kuwatoa mchanga. Na kilichonishangaza ni kwamba sokoni alikuwa akitangaza kwa sauti kile alichokataa kukiandika. "Ina karanga hii, ina dagaa, mtoto atanenepa mpaka ushindwe kumbeba!" Huku kwetu Usukumani karanga ni sifa. Nsansa bila karanga ni majani tu. Mlenda unatiwa karanga, matobolwa ya viazi vitamu yanaliwa na karanga, na mgeni aliyewekewa mboga isiyoungwa kwa karanga anaweza kwenda kusimulia kwao. Muuzaji hana sababu ya kuificha. Anachokificha ni fomula, na kwa kuwa hajui pa kukata, anaficha vyote pamoja.

Tatizo ni kwamba sauti ya Mayu ilibaki sokoni. Mfuko ulikwenda peke yake.

Mtoto wa dada yangu ana aleji ya karanga. Iligundulika akiwa bado hajatimiza miaka miwili: kijiko cha mchicha wa karanga kikampa vipele mwili mzima na midomo ikavimba. Dada yangu ni mwanamke makini. Alipompeleka chekechea alimwambia mwalimu kwa mdomo, kisha akaandika kwenye karatasi, kisha akarudi tena kuhakikisha karatasi haijapotea. Mwalimu naye alikuwa makini. Siku shule iliponunua unga mpya wa uji kwa mjasiriamali mdogo wa humu humu jijini, alichukua mfuko akausoma mbele na nyuma, akaona nafaka, vitamini, nguvu, afya, picha ya mtoto anayecheka. Neno karanga hakuliona. Akampa mtoto kikombe cha uji.

Dada yangu alinisimulia yaliyofuata mara nyingi hata naweza kuyaona. Mtoto alianza kujikuna shingoni kabla kikombe hakijaisha. Halafu akakohoa kikohozi kikavu, sauti ikakwaruza, akasema koo lina nywele. Mwalimu hakusubiri. Alimpakata kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya, na bahati njema muuguzi aliyekuwa zamu alijua anachokiona. Alimchoma adrenalini kwenye msuli wa paja, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya hali ile, akamlaza na kumtazama kwa saa kadhaa, kwa maana dalili zinaweza kutulia kisha zikarudi. Jioni mtoto alikuwa nyumbani akidai chapati.

Lebo ile sikuichapa mimi, lakini ningeweza kuwa nimeichapa. Maneno yake yalikuwa yale yale niliyozoea kuyaweka kwenye lebo za wateja wangu. Nilipoushika ule mfuko niliugeuza nikitafuta wa kumlaumu. Mama alikuwa ametoa taarifa. Mwalimu alikuwa amesoma. Mtengenezaji, nilipompata kwa ile namba yake kubwa ya simu, alilia kuliko dada yangu. Hakuwa na habari kwamba karanga zinaweza kumdhuru mtu. "Kaka, mimi karanga naweka kwa upendo," alisema. Nilimwamini.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, na nimezoea jibu moja: aleji ni ugonjwa wa watoto wa kitajiri, wa Capri Point na wa Ulaya. Kuna kaukweli hapo, nisikatae. Watoto wetu wengi wanaanza kula karanga mapema, zikiwa zimesagwa kwenye uji. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio: walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko waliokatazwa. Kwa hiyo bibi zetu hawakukosea, na hakuna anayeshauri karanga zitoke kwenye uji wa Mwanza. Ila uchache wa wagonjwa haumsaidii yule mmoja anayekohoa kwenye benchi la chekechea. Tena karanga ni mojawapo tu. Kuna wasioweza ngano, wasioweza maziwa, mayai, soya. Kuna watu hapa hapa ufukweni mwa ziwa ambao samaki anawatoa mapele, na katika jiji ambalo unga wa dagaa umeingia mpaka kwenye uji wa mtoto, hao nao wana kazi ya kujilinda.

Wala si kwamba hakuna utaratibu. Tume ya Codex, inayoendeshwa kwa pamoja na FAO na Shirika la Afya Duniani, iliweka mwaka 1999 orodha ya vyakula ambavyo ilitaka vitajwe kwenye lebo kila vinapotumika: nafaka zenye gluteni kama ngano, samaki, jamii ya kamba na kaa, mayai, karanga, soya, maziwa, jamii ya korosho na lozi, pamoja na salfaiti zikizidi kiwango. Kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinafuata njia hiyo hiyo. Kwetu Tanzania chakula kilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, mpaka katikati ya mwaka 2019, kazi hiyo ilipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikageuka TMDA ya dawa na vifaa tiba. Kwa muda mrefu baada ya hapo wateja wangu walikuwa bado wananiambia niwawekee "nembo ya TFDA", nami nawaambia hiyo ilishakufa. Mjasiriamali mdogo akipita SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho, TBS humpa nafuu ya gharama za kuomba alama ya ubora. Mlango upo. Ila wengi wa wanaokuja kwangu bado hawajaufikia. Wanafungasha jikoni, wanauza gulioni na mashuleni, na mtu wa kwanza kuwaambia lebo inatakiwa kusema nini ni fundi wa steshenari.

Ndiyo maana nililazimika kujifunza, na jambo lililonipa nguvu ya kubishana na kina Mayu ni hili: kanuni inataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi mpaka kilicho kidogo. Haitaki kilo ngapi. Haitaki umekaanga dakika ngapi wala umeloweka usiku mzima au nusu. Anayeiba biashara yako hawezi kupika unga wako kwa kusoma majina manane. Angeweza, kila mwenye kopo la Blue Band angekuwa na kiwanda. Nimeyasema maneno haya mara nyingi mbele ya kompyuta ile, na mara nyingi mteja ananyamaza kidogo kisha anasema, "Basi andika, lakini kwa herufi ndogo." Hapo ndipo tunaanza ubishi wa pili.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo lebo haiwezi kulimaliza, nalo ni mashine ya kusaga. Baada ya yaliyompata mpwa wangu nilikwenda kukaa kwenye mashine moja huku Mahina, kwa udadisi tu. Foleni ya ndoo na salfeti ilikuwa ndefu. Karanga peke yake hazisagiki vizuri pale, kwa kuwa mafuta yake yanaziba chekeche, kwa hiyo akina mama huzichanganya na mahindi na soya kwanza. Opareta akishamaliza mzigo wa lishe, anagonga bomba kwa kipande cha mti, unga uliobaki unashuka, anakung'uta ule mkono wa kitambaa, anaita "Mwingine!" Mwingine ana debe la ulezi mtupu wa kumpikia mtoto uji. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa, nikaona kilo ya kwanza ya ulezi ule ikitoka na rangi mbili, kahawia na njano ya mafuta, na harufu ya karanga za kukaanga. Mwenye ulezi alifunga ndoo yake akaondoka. Kesho akiufungasha na kuandika "Ulezi Halisi", atakuwa amesema kweli yote anayoijua.

Nilimuuliza opareta kama huwa wanasafisha. Akacheka. Akaniambia wateja wake wanajua sana kudai usafi, ila wa rangi: anayesaga dona baada ya ulezi anagoma, kwa sababu unga wake unatoka mwekundu. Huyo humpitishia kwanza pumba kilo moja kusafisha njia. Basi nikajua kwamba dawa tunayo tayari na tunaitumia kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Pumba hiyo hiyo ingepita baada ya karanga, ingepunguza mengi. Haitaondoa yote, mashine haioshwi kwa pumba ikawa kama mpya. Kwa hiyo anayesagia mashine ya mtaa aongeze maneno machache: imesagwa kwenye mashine inayosaga karanga, soya na dagaa. Nimewahi kuambiwa kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Bado sijamwona mteja aliyefukuzwa nayo, maana asilimia kubwa ya wanunuzi wa Nyamagana wakisoma neno karanga wanaongeza mfuko wa pili.

Wanaodhani mambo haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya uduni wetu, nawakumbusha habari ya Uingereza. Julai 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa kitoweo kwenye duka la Pret a Manger uwanja wa ndege wa Heathrow, akiwa na baba yake safarini kwenda Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta. Walisoma karatasi ya mkate, ufuta haukutajwa; ulikuwa umekandwa ndani ya donge. Alizidiwa ndani ya ndege akafariki siku hiyo. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana kwamba sheria ya wakati huo ilikuwa imeachia mwanya: chakula kilichotengenezwa na kufungashwa palepale kinapouzwa hakikulazimishwa kuorodhesha vilivyomo kwenye kila pakiti. Wazazi wake wakapigania mabadiliko, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 maduka na migahawa ya huko, mikubwa kwa midogo, inatakiwa kuandika viambato vyote na kukoleza vile vya mzio kwenye kila kitu inachokifungasha. Nchi yenye wakaguzi na maabara za kutosha ilihitaji msiba ndipo izibe mwanya huo. Na ukiutazama, mwanya wenyewe ndio biashara yetu yote: keki ndani ya nailoni juu ya kaunta, kashata, visheti, karanga za kukaanga, sambusa zilizofungwa tayari kwa wanafunzi.

Hapo naomba nisieleweke vibaya. Sitaki kuona mgambo wa jiji akimwaga beseni la mama wa watu kwa sababu ya lebo. Tumeona vya kutosha. Muuza sambusa wa stendi ya Nyegezi anaulizwa kwa mdomo na anajibu kwa mdomo, inatosha. Ninachokidai kinahusu kile kinachofungwa, kikasafiri, kikaliwa na mtu ambaye hawezi kumuuliza aliyekipika.

Na hata kikiandikwa, jikoni kwetu kuna tabia moja inayoua lebo siku ya kwanza. Unga ukifika shuleni unamiminwa kwenye ndoo yenye mfuniko ili panya wasiutoboe, mfuko unawashiwa moto. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Juni 2019 wengi wanafungasha kwenye karatasi za kaki, ambazo zinawaka vizuri kuliko kuni. Mpishi wa kesho anakuta ndoo nyeupe isiyo na jina. Kwenye chekechea ya mpwa wangu siku hizi wanakata kipande cha mfuko chenye viambato na kukibandika kwa selotepu juu ya mfuniko. Hakuna aliyewafundisha, ni yule mwalimu aliyebuni. Wanapomaliza unga wanabandua, wanabandika kingine. Ningekuwa afisa elimu ningeipeleka mbinu hiyo kila shule yenye jiko.

Dukani kwangu nilibadilisha kiolezo. Zamani viambato vilikuwa chini kabisa, nikivibana kwa ukubwa wa herufi ambao hata mimi mwenye miwani nilishindwa kuusoma. Sasa mstari wa mzio upo juu ya namba ya simu, kwa Kiswahili, herufi nene: INA KARANGA, SOYA, NGANO, SAMAKI (DAGAA). Hautoki kwenye kiolezo. Mteja akitaka utoke, namwomba anihakikishie kwa mdomo wake kwamba havimo, na akisema havimo, naufuta. Kwenye karatasi moja ya stika ya A4 inaingia idadi ileile ya lebo, wino ni uleule, na bei sijapandisha. Mayu alirudi mwaka uliofuata kuongeza nakala, akaukuta mstari ule kwenye kioo, akautazama kwa muda. "Mwanangu, umeniandikia dagaa pia?" Nikamwambia ndiyo, mayu. Akasema sawa, ila picha ya mtoto iwe kubwa kidogo.

Wenzangu wenye steshenari, wa Nyamagana, Ilemela na kokote mnakochapia lebo: mteja akija na karatasi ya daftari akasema andika nafaka mchanganyiko, msianze kuchapa kabla hamjamuuliza kama ina karanga, ngano, soya, maziwa, mayai au dagaa, na imesagwa mashine gani. Nanyi SIDO na TBS, mnapowafundisha wajasiriamali, tuiteni na sisi tunaochapa. Hatutahitaji posho kubwa, na sisi ndio tunaoonana nao kabla mfuko haujafungwa.